Usidanganywe na "Weka Tu Mtandaoni"

Leo naweka pembeni chulebuni na kutu ya majani, nizungumzie ugonjwa ninaoukuta karibu kila nyumba yenye kompyuta kuanzia Mwika mpaka Machame: mafaili yasiyo na nakala ya akiba. Hati ya kihamba iliyoskaniwa, picha za mazishi ya babu, vyeti vya watoto, hesabu za maziwa, vyote viko kwenye laptopu moja iliyochoka. Ugonjwa huo wengi mnaufahamu. Ninayetaka kugombana naye leo ni muuza dawa.

Dawa yenyewe mmeisikia. Mtaalamu anapanda kutoka mjini, anatoa semina, anakunywa chai, anasema "flashi zimepitwa na wakati, weka kila kitu mtandaoni, lala usingizi", kisha anashuka na gari kabla mvua haijaanza. Ushauri huo ukiwa peke yake haumfai mtu anayeishi huku mlimani, na anayeutoa hajapiga hesabu.

Tuipige sisi. Chukua familia yenye picha na video za GB 40, kiasi cha kawaida kabisa siku hizi za simujanja. Kama mtandao wako unapandisha megabiti 2 kwa sekunde, kazi hiyo inachukua saa 44 mfululizo. Hapo umeme usikatike, mnara usizidiwe, bando lisiishe. Na nafasi ya bure ya Google ni GB 15 tu, tena inagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Ikijaa, hata barua pepe mpya huzipokei. Nawajua watu waliokosa barua ya kuitwa kwenye usaili kwa sababu video za harusi zilikuwa zimejaza akaunti.

Halafu mtandao wenyewe. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu, na Tanzania na majirani wakakaa siku kadhaa na intaneti ya kusuasua au bila kabisa. Mwishoni mwa Oktoba 2025, wiki ya uchaguzi, intaneti haikuwepo nchi nzima kwa siku kadhaa. Sababu zake si kazi ya blogu hii. Mimi nauliza jambo dogo: siku hizo, aliyehitaji hati yake kuipeleka baraza la ardhi angeitoa wapi?

Kuna jambo ambalo wataalamu wa semina hawaligusi kabisa, nalo ni akaunti ni ya nani. Wazee wengi wa huku walifunguliwa akaunti na kijana wa duka la steshenari. Nywila anaijua yeye, na namba ya uthibitisho ni ya simu yake. Kijana akihamia Dar, mzee amebaki nje ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Hata ukitumia namba yako, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Tena Google walishatangaza kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, na utaratibu huo ulianza Desemba 2023. Mzee akifariki na watoto wakakaa miaka mitatu wakibishana nani afungue, picha zake zinaweza kumfuata.

Kubwa kuliko yote ni hili: kile mnachoita bakapu mtandaoni mara nyingi si bakapu. Ni kulinganisha, vijana husema kusinki. Ukifuta huku, kule kunafutwa. Likiharibika huku, kule linapelekwa bovu.

Nilishuhudia msimu mmoja kwenye chama cha msingi ambacho sitakitaja. Katibu alikuwa na daftari la kilo za kahawa ndani ya kompyuta, limeunganishwa na mtandao, akiamini amemaliza kazi. Kirusi kikaingia kwa flashi ya mtu, mafaili yakavurugwa, na kompyuta kwa utiifu wake ikapandisha mabovu juu ya mazima. Huduma nyingi hutunza vilivyofutwa na matoleo ya zamani kwa siku 30 hivi. Walipogundua, siku hizo zilishapita. Ikabidi wajenge daftari upya kwa stakabadhi, wazee wakishuka na karatasi kwenye mifuko ya nailoni. Aliyepoteza stakabadhi alikuwa anajitetea kwa mdomo wakati malipo ya pili yanapigwa hesabu. Mjane mmoja alidai alileta magunia matatu. Karatasi iliyopatikana ilionyesha moja. Hakuna aliyeweza kumwambia anasema kweli au uongo, na akalipwa la moja.

Sasa wewe unayetikisa kichwa na kusema "ndiyo maana mimi natumia flashi", usifurahi mapema. Flashi yako inakaa kwenye mkoba uleule wa laptopu, na mwizi hatachukua kimoja akuachie kingine. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021, na daftari lililokuwa dukani lilikuwa palepale na mali. Radi haichagui kati ya kompyuta na diski iliyochomekwa. Flashi za bei ya kutupa zinazoandikwa terabaiti moja, nyingi ni uongo: zinapokea mafaili, kisha ukiyafungua hayasomeki. Ukinunua, ijaze yote kwanza na ufungue mafaili ya mwisho uliyoweka, kabla muuzaji hajasahau sura yako.

Na msidhani huu ni umaskini wetu. Tarehe 26 Septemba 2025 kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini kule Daejeon kiliungua. Watumishi walikuwa wameelekezwa kuhifadhi kazi zao kwenye hifadhi ya pamoja mtandaoni. Terabaiti 858 zilipotea, kwa sababu hifadhi hiyo haikuwa na nakala mahali pengine. Nchi inayotengeneza Samsung! "Wingu" ni jengo la mtu, lina nyaya na betri kama jengo lingine.

Mchagga anatakiwa kuelewa hili haraka kuliko Mkorea. Wazee wetu walikuwa na kihamba huku juu cha migomba na kahawa, na shamba la mahindi kule tambarare. Jua likiunguza chini, juu ndizi zipo. Mafaili yafanyie hivyo. Nakala ya kwanza ni ile ya kompyuta unayofanyia kazi. Ya pili iwe kwenye diski ya nje, bei yake haizidi mifuko michache ya mbolea. Unaichomeka kunakili, unaichomoa, unaifungia kwenye mfuko wa plastiki wenye kifyonza unyevu, maana masika ya Kibosho huotesha ukungu hata kwenye viatu. Ya tatu ikae nje ya nyumba.

Hii ya tatu ndipo mtandao unapofaa, kwa vitu vidogo na vya thamani: hati, vyeti, daftari la kilo. Haya yote hayafiki hata GB moja, utayapandisha usiku mmoja kwa bando la kawaida. Kwa picha na video nunua diski ya pili, umpe ndugu wa Dar anapokuja Krismasi. Desemba ijayo anarudi nayo, mnabadilishana. Basi la Dar hubeba GB 500 kwa siku moja, hakuna bando litakaloshindana nalo.

Makatibu wa vyama, nyie mna mzigo wa ziada. Daftari lenye namba za NIDA na simu za wakulima si la kuweka kwenye kiungo ambacho yeyote akikipata anafungua. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Faili liwe na nywila, akaunti iwe ya chama, na nywila iandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ikae kwenye kasha la fedha. Kila mwisho wa mwezi wa msimu, chapisha jumla za kila mkulima kwenye karatasi. Najua mtacheka, lakini yule mjane angekuwa na pa kuonyesha.

Mara moja kila miezi mitatu, fungua nakala zako kwenye kompyuta nyingine, usome mafaili matatu au manne. Isiyofunguka itupe, nakili upya siku hiyohiyo.

Anayetaka tufanye pamoja, nipo ofisi ya kata Jumanne asubuhi. Njoo na laptopu, chaja na diski yako. Flashi tutaikagua virusi kwanza kabla haijagusa kompyuta yangu, usichukie.