Nani Afa, Nani Afariki?

Msikilizapo taarifa ya habari tegeni sikio kwenye vifo. Mheshimiwa "amefariki". Kijana aliyeshukiwa wizi "amekufa". Mchukuzi wa bandarini huenda akapata hili au lile, kwa bahati yake. Nami nimepata kusoma habari za ng'ombe "waliofariki" kwa ukame!

Neno hili twalipata kwa Waarabu. Asili yake ni faraqa, na hasa faaraqa, yaani kuachana na mwenzio. Kifo hakimo ndani yake. Katika Suratut-Talaq, aya ya 2, ndilo neno waambiwalo waume wakati eda za wake zao zikaribiapo kwisha: wakae nao kwa wema au waachane nao kwa wema. Katika Suratul-Kahf, yule mja mwema anapomjulisha Nabii Musa kuwa safari yao imefika ukomo, neno ni firaqi, na wote wawili wazima. Kisha njooni Suratul-Qiyama, aya ya 28. Roho imefika mitulingani, na mtu atambua kuwa sasa ni firaqi. Huko kifo chenyewe kimetajwa kwa jina la kuachana.

Ndiyo maana wazee wetu husema "amefariki dunia", kwa ukamilifu. Dunia ndiyo mtalaka. Ukiikata, wamwacha mtu ameachana, wala hatuambiwi ameachana na nini. Shina hilohilo ndilo lililotupa farakana na mfarakano, na hapo hafi mtu, ingawa nimeshuhudia mirathi iliyokaribia.

Ama kufa, hilo ni letu la tangu na tangu. Waganda wana okufa, Wazulu ukufa. Limezaa kifo, mfu na kufiwa, wala halina tusi. Qur'ani nayo yayataja mauti waziwazi, kwa kila nafsi, bila ya kuyafunika kitambaa.

Sipingi staha. Mjane haendewi akaambiwa "mumeo amekufa". Ataambiwa amefariki dunia, au ametangulia mbele ya haki, na ndivyo itakiwavyo. Ugomvi wangu ni huku kuchambua maiti. Habari moja, ajali moja, mwenye gari "akafariki" na utingo wake "akakufa". Hapo mwandishi amejivika kilemba cha kadhi, amekwisha kuhukumu nani alikuwa mtu na nani hakuwa, na hali wote wawili josho lao ni moja, sanda yao moja, na Sala ya kuwasalia ni ileile ya takbira nne.

Basi wahariri wetu wachague. Wakitaka fariki, waiandike na dunia yake, na wampe utingo kama walivyompa tajiri. Wakitaka kufa, liwe la wote. Na ng'ombe, jamani, waacheni wafe.