Daftari la kijana wa Ujiji



Juma hili mezani petu pana daftari la hesabu. Mwenyewe ni kijana wa Ujiji, na kurasa za nyuma amezijaza wavuvi wa dagaa, taa zao zikiwaka usiku ziwani. Baba yake, naye mvuvi, alilileta kwa hasira: “Baba Paroko, mwambie aache mchezo huu.” Tulilipokea, ila hatukumwahidi kitu.

Tulimkumbuka marehemu Sam Ntiro. Alizaliwa Kilimanjaro mwaka 1923, akajifunza uchoraji Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell, kisha katika Shule ya Slade, London. Akarudi Makerere kufundisha. Tulipopata uhuru mwaka 1961, mchoraji huyo ndiye aliyekuwa Balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki mwaka 1993.

Wako waliosema kwamba anachora kama mtoto. Sisi hatukubaliani nao. Mtu aliyepita Slade alizijua kanuni za Ulaya. Alichagua kuchora kijiji kikifanya kazi pamoja. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. (Pombe hiyo isichukuliwe kuwa ruhusa ya Paroko!)

Na sisi wa Kigoma? Mchoro wa Ujiji unaojulikana duniani ni ule wa Stanley akimvulia Livingstone kofia mwaka 1871. Wenyeji wamepangwa nyuma yao kama miti. Leo simu zetu zimejaa picha za harusi. Mama anayeanika dagaa pale Kibirizi tumempiga picha mara ngapi?

Mzazi yule anasema uchoraji haulishi. Hoja hiyo hatuibezi, kwani unga haununuliwi kwa penseli. Lakini tumelipitia daftari hadi mwisho. Katika ukurasa mmoja yumo yeye mwenyewe, amesimama kwenye omo ya mtumbwi, ameinama na wavu, na mgongo ule hatuwezi kuukosea. Hatudhani aliufikia ukurasa huo. Mbalamwezi ikianza, wavuvi wakipumzika, atakuja kulichukua daftari. Tutamfungulia hapo.