Hata Ndege Hupunguza Mzigo

Mwezi huu nawaandikia kutoka nyumbani kwa mama, Kilwa Masoko. Miguu imejaa mchanga na shingoni nina darubini ambayo si yangu. Ni ya mdogo wangu, na ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike haya.

Mdogo wangu yuko Uingereza, mwaka wa pili, anasomea sayansi ya mazoezi. Tangu utotoni ni mtu wa mbio. Mtaani walimcheka sana: mtu wa pwani na mbio wapi na wapi? Mbio ni za watu wa Mbulu na Singida bwana! Yeye alikuwa na jibu moja tu, Suleiman Nyambui. Mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Majita kando ya Ziwa Victoria, aliyekwenda Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso na mwaka 1980 akachukua medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow, bado akiwa mwanafunzi. “Dada, naye kakulia majini,” alikuwa akiniambia.

Kupenda ndege alikutoa kwa babu. Babu alikuwa mvuvi, na kwa mvuvi ndege ni habari: wakikusanyika na kupiga mbizi sehemu moja, ujue samaki wapo. Kwenye visiwa vya Songosongo kuna kisiwa kinaitwa Nyuni, na nyuni ni neno la zamani la ndege. Kwa hiyo mtoto wa Kilwa kutazama ndege si mambo ya kizungu kama wengi wanavyodhani.

Alipoondoka tuliwekeana utaratibu wetu. Mwezi wa nne mbayuwayu wakifika kule, ananitumia ujumbe: “Dada, wageni wako wameingia.” Ikifika Oktoba wakianza kuonekana huku, namjibu: “Wamefika salama.” Najua si lazima wawe walewale, lakini sisi tulijifanya ni walewale.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu mwezi wa tisa, Mtanzania mmoja aliyekuwa anarudi likizo akaniletea mfuko. Ndani kuna darubini na kikaratasi: “Kaa nayo dada, mimi sina muda nayo.” Unajua nilifanya nini? Nilifurahi! Nikapiga picha, nikaweka kwenye status, zawadi kutoka majuu. Sikujiuliza hata dakika moja kwa nini mtu anatoa kitu anachokipenda kuliko vyote.

Oktoba nikatuma ujumbe wetu. Kimya. Alama za bluu naziona, jibu hakuna. Na mimi nilikuwa na langu moyoni, maana mchango wa harusi ya binamu yetu alikuwa hajatuma, na hela ya rangi ya nyumba ya mama vilevile. Nikamwandikia: “Umeshakuwa mzungu siku hizi?”

Wiki mbili baadaye akapiga, saa saba usiku. Alikuwa na ufa kwenye mfupa wa mguu. Alfajiri mazoezi ya timu, mchana darasani na maabara, halafu usiku wa Ijumaa hadi Jumapili anabeba boksi ghalani. Sheria ya kule inamruhusu mwanafunzi wa kigeni kama yeye kufanya kazi saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na yeye alizitumia zote, usiku. Alikuwa analala saa nne.

“Dada, mimi ndiyo nasomea haya mambo,” akaniambia. “Najua kabisa mwili haujengeki wakati unakimbia. Unajengeka ukipumzika. Nimeulizwa kwenye mtihani na nimepata. Halafu mwenyewe silali.”

Nikakosa la kusema. Ili kupitisha muda nikamwambia anipe habari za ndege, kama zamani. Akanisimulia ndege mmoja wa pwani, miguu mirefu na mdomo mrefu, ambaye mwaka 2022 aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, kilomita 13,560, siku 11 bila kutua. Wa aina yake hufika hata kwenye pwani yetu hii. Kabla ya safari hula mpaka wanene mafuta, kisha utumbo na firigisi husinyaa, kwa sababu huko angani hawatakula, sasa ya nini kubeba jiko safarini?

Nikamuuliza, “Na wewe ulipunguza nini?”

Akanyamaza kidogo. “Nilipunguza ndege.”

Wapenzi wasomaji, nililia. Katika mizigo yote aliyokuwa nayo, aliacha kile kisicho na uzito. Na ile mizito, mingine nilimtwika mimi.

Asubuhi yake nikampigia mama. Nilitegemea atalalamika. Akasema, “Kwa hiyo mwanangu halali ili mimi nipake rangi? Nyumba ina ukuta, ina bati, inatosha.” Kwa binamu nikaenda mwenyewe. Alinuna, kisha akaelewa, na harusi ilifana tu.

Mdogo wangu kasimama mbio mpaka mfupa upone, ghalani anakwenda siku moja tu, masomo yanaendelea. Jumamosi anatembea taratibu mpaka mdomo wa mto, anatazama ndege kwa macho matupu.

Ndiyo maana leo nimeamka mapema kwenda ufukwe wa Jimbiza. Maji yamekupwa, kina mama wanachokoa pweza, na katikati yao sululu anatembea, mdomo umepinda kama sululu la kuchimbia, anauzamisha kwenye tope anatoa kaa. Nimemtazama mpaka nikachelewa chai. Wiki ijayo yule Mtanzania anarudi Uingereza na darubini naye.

Kama una ndugu majuu, kabla hujamtumia orodha ya michango muulize kwanza amelala saa ngapi. Na wewe uliye huko ukiona mzigo umezidi, sema. Usisubiri mfupa useme kwa niaba yako.

Nimemtumia picha ya sululu, imetoka na ukungu, maana mimi na darubini bado hatujazoeana. Nikaandika: “Wamefika salama.” Safari hii jibu limekuja haraka:

“Huyo ni wangu dada. Mwambie nakuja.”

Tukutane mwezi ujao.

Mhariri