Vitamini D si dawa ya kitambi



Wengi wanakuja dispansari na swali moja: «Muganga, mimi ni mnene, nimeambiwa vitamini D yangu imepungua. Ninunue vidonge gani?» Wengine wamekwisha kununua, na pesa ya posho imekwenda.

Vitamini D ni ya lazima. Inasaidia mwili kuchukua kalsiyumu ya chakula ili mifupa iwe migumu. Mtoto akiikosa, miguu yake inapinda. Lakini ngozi yetu inaitengeneza yenyewe ikipigwa na jua, na Kindu iko karibu na ikweta: jua ni la mwaka mzima. Anayefanya kazi ya usiku na kulala mchana, au anayekaa biro kutwa, ndiye atafute nafasi ya kutoka nje. Samaki wenye mafuta na kiini cha yai vinasaidia pia.

Basi kwa nini mnene anapungukiwa? Vitamini hii inayeyuka katika mafuta. Tia kijiko kimoja cha chumvi ndani ya sufuria, kisha kijiko kimoja ndani ya pipa: ladha si moja. Mwili mkubwa unaitawanya na kuificha katika mafuta, na katika damu inabaki kidogo.

Na mafuta ya tumbo hayakai kimya. Yakizidi, askari wa mwili wanaingia humo na kuwasha moto mdogo usio na homa wala kidonda. Moto huo unazuia insulini kufanya kazi na kuharibu mishipa ya damu. Ndiyo njia ya ugonjwa wa sukari na wa moyo.

Watu wanaona vitamini kidogo na moto pamoja, wanasema vitamini ndiyo sababu. Jogoo anawika na jua linatoka, lakini si jogoo analeta jua. Unene unaleta vyote viwili.

Marekani walijaribu. Katika utafiti wa VITAL, watu 25.871 waligawanywa: wengine walipewa uniti 2.000 za vitamini D kila siku, wengine kidonge kisicho na dawa, kwa miaka 5 hivi. Mwaka 2018 matokeo yalitoka: kansa, mshtuko wa moyo na kiharusi havikupungua. Tena, kwa wanene vitamini ilipanda katika damu kidogo kuliko kwa wembamba.

Ukizidisha vidonge, kalsiyumu inajaa katika damu: unatapika, na figo zinaharibika. Kama daktari amepima na kukuandikia, kunywa kadiri alivyosema. Usijiandikie mwenyewe.

Maoni yangu ni haya. Chukua mita ya fundi wa nguo, pima kiuno. Mwanaume akipita sentimeta 94, mwanamke akipita 80, hatari imeanza. Mama, punguza mawese katika sombe. Baba, punguza chupa za bia. Wote tupunguze sukari, twende kazini na sokoni kwa miguu. Na tuache kusema kwamba kitambi ni alama ya mshahara mzuri, au kwamba mke mwembamba hatunzwi. Neno hilo linajaza hospitali.

Jua la Kindu halina bei. Kutembea pia ni bure. Pesa ya vidonge inunue samaki wa watoto.