"Malaika": Mzozo wa Umiliki na Matini Iliyosahaulika

Kila utajwapo wimbo wa "Malaika" katika mijadala ya fasihi, swali huwa ni lile lile: ni nani aliyeutunga? Wapo wanaomtetea Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliyeurekodi pamoja na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapo pia wanaoshikilia kwamba Adam Salim wa Tanzania aliutunga katika miaka ya 1940. William aliaga dunia mwaka 2001, lakini mzozo haukuzikwa naye. Hapana shaka kwamba ni mzozo wenye uzito, maana nyuma yake pana mirabaha na heshima ya msanii. Hata hivyo, umewashughulisha wahakiki mno hata wakasahau kuusikiliza wimbo wenyewe.

Wimbo huu haupo mmoja. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika santuri yao ya pamoja ya mwaka 1965. Boney M wakautia mdundo wa disko mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaurejelea katika albamu yake *Logozo* ya mwaka 1991. Hoteli za pwani ya Kenya nazo zimeugeuza kiburudisho cha watalii wakati wa chajio, ilhali maudhui yake ni kilio cha kijana aliyekosa mali ya kuolea. Kinaya hicho pekee chatosha kuwa mada ya tasnifu.

Lililo muhimu zaidi ni kitenzi *oa*. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Nafsineni ya wimbo huu ni ya kiume, na inapoimbwa na Makeba au Kidjo, kitenzi kinabaki vile vile katika kauli ya kutenda. Je, ni kosa la waimbaji ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza? Anayejibu hivyo anaharakisha. Siti binti Saad, aliyeanza kurekodi huko Bombay mwaka 1928, alikuwa Mswahili halisi, na katika utamaduni wa taarab si ajabu mwanamke kuimba maneno ya mwanamume. Huenda Makeba aliingia katika desturi hiyo bila kukusudia. Huenda pia sauti ya kike inaifanya huzuni ile isiwe ya mposaji peke yake, bali ya wote wawili wanaotenganishwa na ukata.

Maswali ya aina hii hayajibiwi mahakamani. Mwanafunzi anayetakiwa kulinganisha miswada ya *Al-Inkishafi*, neno kwa neno, ndiye huyo huyo anayeruhusiwa kuhakiki "Malaika" kwa kunakili maneno yake kutoka kitabu cha nyimbo, pasipo kutaja ni rekodi ya nani wala ya mwaka gani. Msimamizi anayeipokea kazi kama hiyo airudishe.