Laini Mbili, Betri Moja

Chukua simu yako ya laini mbili, bonyeza *#06#. Zitatokea IMEI mbili, si moja. Wengi tunaziangalia siku ya kununua simu tu, kuhakikisha hatujauziwa feki, halafu basi. Lakini zile namba mbili zina maana yake: kwa upande wa mtandao, ulichoshika mkononi ni simu mbili. Mnara haujui kwamba zinalala kwenye kava moja na kunyonya betri moja.

Naandika haya nikiwa mwanafunzi wa ualimu, si mhandisi. Ila mzigo wa jambo hili wanaubeba watu ambao wengi wetu tutapangiwa kwenda kuishi nao, kwa hiyo wenzetu wa uhandisi wanivumilie.

Simu iliyowekwa mezani haijakaa bure. Kila laini husikiliza mnara wake kila baada ya sekunde moja au mbili hivi, ijue kama inaitwa. Hupima nguvu ya minara ya jirani. Ukihama eneo, huripoti kwamba sasa upo huku. Na hata usipohama, huripoti tena kila baada ya muda uliopangwa. Kwenye 4G muda wa kawaida uliomo kwenye viwango ni dakika 54. Wahandisi huziita habari hizi signalingi. Hazikati salio, ndiyo maana hatuzijui. Zinakata chaji.

Sasa zidisha mara mbili. Tena kama laini zote ni za mtandao mmoja, kama walivyo mawakala wengi wa pesa wenye laini ya kazi na laini ya nyumbani, simu ileile inausikiliza mnara uleule mara mbili, inasoma matangazo yaleyale mara mbili, inapima majirani walewale mara mbili. Ni sawa na mzazi mwenye mapacha kuitwa shuleni asubuhi kwa kikao cha Kulwa, halafu mchana kwa kikao hichohicho cha Doto. Laini moja ingesoma ikampa mwenzake. Hilo linawezekana, na kampuni za chipu zimelifanyia kazi miaka mingi. Swali ni linafika kwenye simu ya nani.

Ukiwa Dar utaona nalalamikia kitu kidogo. Minara iko karibu, soketi ipo ukutani, maisha yanaenda. Njoo Newala.

Nilipokuwa TP kwenye kijiji kimoja huko, mtandao uliokuwa unashika vizuri ulikuwa mmoja tu. Wa pili ulishika uwanja wa mpira, tena nyuma ya goli moja. Bibi niliyepanga kwake ana kitochi cha laini mbili, na kila siku ya pili alikuwa anakipeleka dukani kuchajiwa kwa shilingi 300. "Mjukuu wangu, hii simu siongei nayo, lakini inakula," aliniambia. Nilimtolea laini ya pili, ile isiyoshika. Chaji ikakaa siku nne. Wiki iliyofuata akaniomba nimrudishie, maana namba hiyo ndiyo aliyoandikisha benki, na msimu wa korosho ulikuwa unakaribia.

Kilichokuwa kinamla bibi si maongezi. Laini isiyopata mnara haitulii. Inatafuta bendi moja baada ya nyingine, inapumzika kidogo, inatafuta tena, usiku na mchana. Ikiupata mnara wa mbali, inalazimika kupaza sauti, yaani kurusha mawimbi kwa nguvu zaidi, ili tu iseme "nipo". Halafu mnara unapotea, kazi inaanza upya.

Na ardhi ya kwetu kusini haisaidii. Masasi iko chini, katikati ya milima ya mawe iliyochomoza kama meno. Ukipita nyuma ya mlima mmoja mtandao unakata. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale Shimo la Mungu ambapo unaliona bonde la Ruvuma lote na Msumbiji ng'ambo. Kwa kupiga picha hakuna mfano. Kwa simu ni balaa, kwa sababu ukiwa juu vile unaona minara mingi ya mbali kwa pamoja na hakuna iliyo karibu, simu inabaki kuhamahama. Panda gari Masasi na chaji ya kutosha, ushuke Newala uangalie imebaki ngapi.

Najua jibu la haraka: si azime laini moja? Jibu hili hutolewa na watu wasiojua kwa nini mtu ana laini mbili. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu 61,741,120, watoto wachanga wakiwemo, na kufikia mwisho wa 2024 takwimu za TCRA zilikuwa zimepita laini milioni 80. Hatukuzinunua kwa urembo. Zamani ilikuwa gharama ya kupiga mtandao mwingine. Gharama ambayo kampuni hulipana kwa dakika ilishushwa mwaka 2013 kutoka shilingi 112 hadi chini ya 35, na imeendelea kushuka, lakini bando bado zinatuvuta huku na huku. Kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kuliwezekana tangu 2014, ila makato yanajulikana. Kubwa zaidi kwa Newala na Masasi ni kwamba huku unashika mtandao huu, kule unashika ule. Laini ya pili ni bima. Kumwambia bibi aizime ni kumwambia alipie yeye tatizo ambalo hakulitengeneza.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Simu nyingi za bei yetu zina redio moja inayogawana laini mbili. Ukiongea kwa laini ya kwanza, ya pili haisikii. Mnara wake unaiita, kimya. Unaita tena, kimya. Mtandao unaiambia minara mingine ya eneo nayo iite. Anayekutafuta anaambiwa hupatikani, wakati upo umekaa barazani unaongea. Kama aliyekuwa anapiga ni karani wa AMCOS, au mwalimu mkuu kuhusu mtoto aliyeanguka shuleni, hiyo si hesabu ya wahandisi tena.

Dawa ipo na imeandikwa. Toleo la 17 la viwango vya 3GPP, lililokamilika 2022, linairuhusu simu ya laini mbili kuuaga mtandao kwamba inaondoka kidogo kuhudumia laini nyingine, na linauruhusu mtandao kusema kama mwito ni wa sauti, ili simu iamue kama inafaa kuitikia. Wito usio na mwitikaji unapungua. Lakini hii ni ya 4G na 5G, na mpaka mtandao wenyewe uiwashe.

Kwa hiyo nadai mambo mahali panapohusika. TCRA ndiyo inayothibitisha vifaa kabla havijauzwa. Juni 2016 ilizima simu feki nchi nzima kwa kutumia IMEI hizihizi, na watu walilia lakini zikazimwa. Chombo chenye ubavu huo kinaweza kudai simu ya laini mbili ipimwe inakaa na chaji muda gani laini moja ikiwa haina mtandao, na jibu liandikwe kwenye boksi. Mei 2023 serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ilisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini. Ni jambo zuri, nalipongeza. Ila mnara wa kampuni moja hauinyamazishi laini ya kampuni nyingine. Fedha ya umma ikijenga mnara, kampuni zote zipande juu yake.

Vitochi vya 2G toleo la 17 haliwasaidii wenye navyo, na vitakuwepo vijijini kwa miaka. Kwao ni programu ya simu yenyewe: laini ikikosa mnara mara kadhaa, irefushe mapumziko kabla ya kutafuta tena, na menyu ya kuizima iwe juu, kwa Kiswahili, isifichwe ndani ya kurasa nne. Programu ya kitochi haibadilishwi kikishauzwa, hivyo hilo lifanyike bandarini, kabla hakijafika duka la Newala.