Hitilafu imefungwa kwenye orodha, lakini kwenye simu bado ipo

Programu ya simu ikigoma, msikilizaji hutafuta pa kulalamikia. Siku kadhaa baadaye anajibiwa: tatizo lako limeshughulikiwa na limefungwa. Anafungua programu ileile na kukuta hitilafu ileile. Je, amedanganywa? Mara nyingi hapana. Neno "limefungwa" lina maana moja kwa watunzi wa programu na nyingine kwa mwenye simu. Leo tunaeleza tofauti hiyo inatoka wapi.

Programu nyingi tunazotumia hutungwa na watu walio mbalimbali, kila mmoja na kompyuta yake. Kazi yao huiweka mahali pamoja mtandaoni. Sehemu inayojulikana zaidi ni GitHub, iliyoanza mwaka 2008 na ambayo Microsoft ilitangaza mwaka 2018 kuinunua kwa dola bilioni 7.5. Humo ndimo ilimo misimbo ya ODK Collect, programu ya kujaza fomu kwenye simu hata pasipo mtandao, ambayo wadadisi huja nayo vijijini kuuliza habari za afya au kilimo. Humo pia umo mradi wa Ushahidi, ulioanzishwa Kenya mwaka 2008 kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi.

Kila hitilafu inayoripotiwa huandikwa kwenye orodha na kupewa namba. Tuseme namba 12: fomu inapotea ukipiga picha. Mtunzi mmoja hachezei misimbo inayotumiwa na wote. Huchukua nakala, inayoitwa tawi, akafanyia marekebisho huko. Wenzake wakiridhika, tawi lile huunganishwa na tawi kuu.

Hapa ndipo mashine inapoingia. Kama mtunzi ameandika kwenye maelezo yake "fixes #12", yaani hii inarekebisha namba 12, basi tawi linapounganishwa na tawi kuu, namba 12 hufungwa yenyewe. Hakuna anayebonyeza kitu. GitHub inatambua maneno tisa ya Kiingereza ya namna hiyo. Ukiandika kwa Kiswahili "inarekebisha #12", haifungi chochote.

Utaratibu huu una faida, na hatuubezi. Miradi mingi ya wazi huendeshwa na watu wachache wenye mamia ya malalamiko. Kufunga moja baada ya jingine kwa mkono kunakula muda, na mengine husahaulika yakabaki wazi ilhali yalishatibiwa. Tena kiungo kinabaki: yeyote akifungua namba 12 ataona ni marekebisho gani yaliyoifunga.

Lakini mashine inasoma neno, haisomi maana. Mtunzi mwaminifu akiandika kwa Kiingereza kwamba kazi yake "haijarekebisha namba 12", neno la kurekebisha likakaa jirani na ile namba, mashine inaweza kuifunga vilevile. Na aliyetibu nusu ya tatizo akiandika neno hilo, lote linahesabiwa limekwisha.

Jambo zito zaidi ni safari inayobaki. Fikiria pampu ya maji ya kijiji imeharibika. Fundi anatengeneza kipuri wilayani, na kikishaingia stoo tu karani anaandika kwenye daftari: "Pampu imepona." Daftari limesema kweli kuhusu kipuri, ila akina mama bado wanakwenda mtoni na ndoo.

Kuunganisha tawi ni kipuri kuingia stoo. Baada ya hapo lazima litengenezwe toleo jipya, lijaribiwe, lipelekwe Play Store. Hata huko, watunzi wanaweza kulitoa kwanza kwa sehemu ndogo tu ya watumiaji. Kisha lije kwenye simu yako. Simu nyingi zimepangwa kusasisha programu kwa Wi-Fi peke yake, na kijijini Wi-Fi iko wapi? Wengine tumezima kabisa kusasisha ili kuokoa bando. Kwa hiyo mtu wa mjini anaweza kupona wiki hii, na wa kijijini akangoja miezi, huku kwenye orodha wote wawili wamehesabiwa wamepona.

Madhara yake hayaishii kwenye usumbufu. Lalamiko likishafungwa, halionekani tena kati ya yaliyo wazi. Anayepanga kazi ya kesho anaangalia yaliyo wazi. Sauti ya mwenye simu ya zamani na mtandao wa kusuasua ndiyo inayotoweka kwanza.

Dawa ipo, na haigharimu. GitHub na GitLab zinaruhusu wenye mradi kuzima ufungaji huu wa moja kwa moja. Miradi mingine huacha tawi liunganishwe, kisha mtu wa majaribio ndiye anayefunga baada ya kuona kwa macho. Tunaona huo ndio uungwana: afunge aliyejaribu, na mlalamikaji aambiwe marekebisho yamo kwenye toleo gani.

Nawe msikilizaji, ukiambiwa tatizo limefungwa, uliza swali moja: limerekebishwa kwenye toleo namba ngapi? Kisha ingia Mipangilio, sehemu ya programu, chagua programu hiyo. Kwa kawaida namba ya toleo iko chini kabisa. Kama yako ni ya nyuma, sasisha kwanza. Kama tayari unalo toleo hilo na hitilafu ipo, rudi ukaseme, ukitaja toleo na aina ya simu. Lalamiko lililofungwa hufunguliwa tena.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Orodha iko kwa watunzi, lakini kunguni unao wewe.